Fundi wa spika anayezirudia nyumba arobaini na moja

Saa tatu asubuhi, Masikio, kama wateja wanavyomwita binti huyu fundi wa spika, amepiga magoti nyuma ya meza ya kompyuta, sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu. Fundi mwenye uzoefu wa miaka tisa, anayesifiwa kuwa husikia hata spika inayotaka kupiga chafya, anaogopa kugusa kasha la kompyuta.

Anasogeza testa, ile bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha umeme. Anashusha pumzi. Anagusisha ncha kwenye bati la kasha.

Kitaa kinawaka.

"Baba, inua miguu," anasema bila kugeuka. Mzee amekaa kitini, yuko peku, na sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki, bado ina majimaji.

"Niinue niende wapi, mimi ndege?"

"Baba, nakuomba!"

Mzee anainua. Masikio anachomoa plagi ukutani, kisha anamgeukia mzee.

"Kwani ukiishika hii kompyuta husikii kitu?"

"Nasikia vijisisimizi vidoleni. Si ganzi ya uzee? Mbona hata vidonge nimeandikiwa, mwezi wa pili huu nameza!" Mzee anacheka peke yake. Masikio hacheki.

Hacheki kwa sababu aliyeukata waya wa kompyuta hiyo ni yeye.

Kazi yake ni kuwafuata watu majumbani, wale wanaosikilizia muziki kwenye kompyuta na wanataka utoke vizuri. Anaiunganisha na amplifaya, anazipanga spika, anaituliza besi inayotikisa vikombe kabatini. Na adui yake mkubwa ni mvumo. Kompyuta ikichomekwa soketi hii na amplifaya soketi ile, mara nyingi spika zinaanza "mmmmm", kama nyuki waliofungiwa kwenye chupa.

"Aliyenifundisha kazi aliniambia nisijisumbue," anasimulia. "Fungua plagi, kata waya wa ethi, ule wa kijani na njano. Mvumo unanyamaza papo hapo. Na kweli! Mteja anapiga makofi, mimi nabeba begi langu naondoka."

Kumbe waya huo ndio unaoupeleka umeme ardhini ukivuja. Ukishakatwa, umeme unabaki kwenye bati, unamsubiri mtu.

Hakujua?

"Nilijua nusunusu," anajibu, macho chini. "Nikajifariji kwamba haitatokea."

Miezi minne iliyopita ilitokea, tena kwa mama yake mzazi. Alikuwa anaosha vyombo, akaja na mikono yake mibichi kuizima kompyuta ambayo bintiye alikuwa ameikata waya vilevile. Umeme ulimrusha hadi kwenye kabati. Kidole kiliungua, akalazwa siku mbili.

Leo mama huyo ni mzima na ulimi wake umenoleka kuliko zamani. Kompyuta anaiwasha kwa ncha ya mwiko. "Nilimnyonyesha miaka miwili," anasema, "shukrani yake akanibanika kama hindi!"

Masikio alipotoka kumpeleka hospitali siku ile alifungua simu akahesabu wateja aliowakatia ethi. Nyumba arobaini na moja.

"Tangu hapo, simu ya mteja wa zamani ikiita naitazama kwanza kabla ya kupokea. Nasema ndiyo hiyo, napigiwa msiba."

Jumatano na Alhamisi sasa anazirudia nyumba hizo bure, na kipato chake kimeshuka karibu nusu. Wengine wanamshukuru. Mmoja alimfukuza akipiga kelele: "Kumbe ulituwekea kifo sebuleni!" Masikio aliurudisha waya kwanza, ndipo akatoka.

Kwa mzee, nyumba ya thelathini na tisa, anaurudisha waya na kuwasha. Spika zinaanza kuvuma.

"Aah! Nyuki wangu hao wamerudi!"

"Subiri, baba. Leo nawatoa kihalali."

Anachomeka kompyuta na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Mvumo unapungua, hauishi. Kisha katikati ya waya wa sauti anaweka kijisanduku kinachopitisha muziki lakini kinautenga umeme wa kompyuta na ule wa amplifaya. Kimya. Kimya kabisa! Wimbo wa zamani unaanza, na mzee anaruka kitini.

"Binti, huyu mpiga filimbi anapumua! Miaka yote alikuwa wapi?"

Masikio yuko kwenye testa. Anagusa bati mara moja, mara mbili, mara tatu. Haiwaki.

"Kumbe kikulacho ki mezani mwako," mzee ananong'ona, akivitazama vidole vyake. "Umebakiza nyumba ngapi?"

"Mbili."

Moja ni ya kesho. Nyingine ndiyo inayomkosesha usingizi. Mteja huyo alikuwa mjamzito wa mapacha, akahama, na simu yake haipatikani. Mwenye nyumba wa zamani anakumbuka tu kwamba alikwenda upande wa pili wa mji, kwenye majengo matatu ya ghorofa karibu na kiwanda cha mikate. Mapacha sasa watakuwa wanasimama kwa kushikilia chochote kilicho mbele yao.

Jumamosi Masikio ataanza ghorofa ya chini, abishe hodi mlango kwa mlango.

"Miaka tisa nimelipwa kuua mvumo," anasema. "Nikimpata yule dada, nitasimama mlangoni kwake nikiomba niusikie. Spika zikivuma, basi kuna fundi mwingine amepita akaurudisha waya. Kukiwa kimya, sivui hata viatu: naingia moja kwa moja kuchomoa plagi."