Asante, Nimeshiba

Mtu mwenye hasira za karibu kama mimi si wa kuambiwa atoroke. Lakini ndivyo nilivyoambiwa na kila mwanamke pale Yamumbi: ukimpeleka mtoto nasari, usimuage. Subiri ageuze macho, upotee. Nami nikawa napotea asubuhi baada ya asubuhi, nakimbilia kiwanda cha nguo huku kilio cha binti yangu kikinifuata mgongoni.

Alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Tangu aache ziwa alilelewa Chepsaita na mama yangu, ambaye mtoto alimwita kogo, maana kwetu ndilo jina la nyanya. Mume wangu alikuwa dereva wa lori na nyumbani alikuja kama mgeni. Nilipopata kazi kiwandani, na chumba chenye dirisha, nilikwenda Chepsaita kumchukua mtoto wangu. Mimi nilisema namchukua. Kogo alisema namnyang'anya. Tulikubaliana, kwa sauti ambazo majirani hawakuhitaji kutegea sikio, kwamba mtoto akidhoofika kogo atakuja kumrudisha kwake, na mimi sitafungua mdomo.

Basi mtoto akaanza kudhoofika.

Jioni nilipokwenda kumchukua nilimkuta kimya, macho yamekuwa makubwa kuliko uso. Tukifika nyumbani alimeza ugali bila kutafuna, akashika sahani kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu atakayeipokonya. Gauni alilokuja nalo kutoka Chepsaita lilianza kumteleza mabegani. Nikamuuliza mama wa nasari mtoto anakula nini mchana. Akaniambia, "Huyu wako hataki kula, Mama. Nimemjaribu na kila kitu." Sikumwamini. Mtoto asiyetaka kula hamezi ugali hivyo.

Mama huyo alikuwa mjane, mtu wa Mkoa wa Kati aliyehamia kwetu na mumewe zamani wakanunua shamba dogo. Watoto aliwalea katika ukumbi wa kanisa, nyumba ya mbao yenye picha ya Rais ukutani kama kila nyumba nyingine. Jirani yangu mmoja, mtu wa kwetu, aliegemea ua akaniambia kwa sauti ya chini, "Na wewe ulidhani atamlisha wako kama wa kwao?" Siku hizo mengi yalisemwa kwa sauti ya chini. Neno lile nililala nalo.

Habari mbaya haikosi gari. Alhamisi mwuza maziwa wa Chepsaita akaniletea ujumbe wa kogo: Jumamosi nakuja na leso ya kumbebea.

Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, nikatoka mbio kiwandani kwenda nasari. Supavaiza aliniona. Alikuwa amevaa beji yake ya chama kifuani na hakuinua sauti. "King'ora kikilia kama hujaingia, usijisumbue kurudi," akasema. Nilijua hatanii, kwa kuwa nilikuwa bado kwenye majaribio. Nilienda hivyo hivyo. Njiani nilipanga matusi, la kwanza hadi la mwisho, na ninakiri yalikuwa mazuri.

Sikuingia moja kwa moja. Nilitaka kwanza kumfumania yule mama, kwa hiyo nikachungulia kati ya mbao mbili.

Watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja na githeri yake ya mahindi na maharagwe. Binti yangu alikuwa pembeni, mgongo umenyooka, mikono ameikalia. Sahani yake ilikuwa imejaa. Mama wa nasari alikuwa amepiga magoti mbele yake na kijiko mkononi. "Kula kidogo tu, mama yangu. Kidogo tu." Mtoto akatazama kijiko, akameza mate, nikaona koo likipanda na kushuka. Kisha akasema vizuri kabisa, kama mtu mzima aliyetembelea watu:

"Asante, nimeshiba."

Maneno hayo nilifundishwa mimi na kogo, mwanamke yule yule aliyemfundisha yeye. Kwetu mtoto mwenye adabu hali kwa watu. Akikaribishwa anasema ameshiba, hata kama tumbo linanguruma, kisha anamtazama mama yake. Mama akitikisa kichwa kukubali, anakula. Asipotikisa, atakaa na njaa yake mpaka nyumbani. Binti yangu alikuwa akiningoja nitikise kichwa, na mimi kila asubuhi nilikuwa nikimtoroka.

Matusi yote yalinitoka kichwani. Niliingia, nikaketi mkekani. Mtoto hakunikimbilia. Alinitazama tu usoni, akisubiri, na kuona adabu ile kwenye shingo iliyokonda kuliniuma kuliko kilio chake cha asubuhi zote. Nikatikisa kichwa. Akachomoa mkono mmoja, akashika kijiko.

Mama wa nasari alipakua sahani nyingine akaniwekea mbele. "Karibu, Mama."

"Asante, nimeshiba," nikasema. Haki ya Mungu, mdomo ulijisemea wenyewe.

Mtoto akarudisha kijiko kwenye sahani.

Yule mama alinitazama, akamtazama mtoto, na nikaona ameelewa. "Hata wewe?" akasema. "Sasa nani atamfundisha kwamba hapa si kwa watu?"

Nikala. Nilikula githeri ile kwa haraka, machozi yakinidondokea sahanini, na mtoto akala nami kijiko kwa kijiko, akinichungulia kila mara kuhakikisha bado natafuna. Nilisahau kiwanda mpaka nilipoikumbuka saa. Nikasimama, na safari hii sikusubiri ageuze macho. "Naenda kazini. Jioni nakuja kukuchukua. Wewe kula."

Alilia. Lakini alilia akitafuna.

King'ora kilianza kulia nikiwa nje ya ua wa kiwanda. Askari wa geti alikuwa ameshashika kufuli. Nilipita chini ya mkono wake, na alipogeuka nilikuwa kwenye mashine yangu.

Jumamosi kogo akafika, kibuyu cha maziwa lala mkono mmoja, leso mpya mkono wa pili. Alimpapasa mtoto mbavu kabla hajanisalimia mimi. "Mifupa," akasema. Sikufungua mdomo, kama tulivyokubaliana. Niliandaa ugali na mboga, nikamkaribisha mezani.

Lakini pale palikuwa kwa mkwe wake, na kwa mkwe hakuliwi ovyo. Kogo aliyetoka Chepsaita alfajiri akakunja mikono mapajani. "Asante, nimeshiba."

Binti yangu akaacha kutafuna. Alimtazama kogo kwa muda, kisha akatikisa kichwa, polepole, kama nilivyomfanyia mimi.

"Kula, kogo," akasema. "Hapa ni kwetu."

Nilikuwa nimeitamani siku ya kumshinda mama yangu tangu nilipomchukua mtoto kwake. Nilipoona anavyoutazama ule ugali bila kuushika, sikufurahi hata kidogo. Baadaye alinawa mikono, akala, akamaliza. Leso ilibaki imekunjwa kwenye kiti.

Jioni tulimsindikiza. Kogo akaniomba ambebe mjukuu wake mpaka barabarani tu, nikamfunga mtoto mgongoni mwake kwa leso ile ile.