Kijiko cha Chai na Kolekole wa Mutsamudu

Juzi nilikuwa Moroni, nikaingia duka moja la mtaa wa Magoudjou kutafuta betri, nikakuta vyambo vya plastiki vya kuvulia samaki vimetundikwa ukutani, vikubwa kwa vidogo, vinang'aa kama peremende. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kile kidogo kuliko vyote. Muuzaji alidhani namnunulia mjukuu. Sikumsahihisha, maana ningeanza kumweleza tungekesha. Wewe nitakueleza.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru wa Komoro, wakati wa mapinduzi. Baba alikuwa karani Moroni, ofisi zikafungwa na makarani wakaambiwa warudi makwao. Akatujia Mutsamudu, nyumbani kwa mama, na sanduku lake na viatu vilivyopigwa rangi, akawa anashinda barazani. Mji ulikuwa mikononi mwa vijana wa mapinduzi na mchele ulikuwa adimu. Tulikula muhogo asubuhi na jioni, pamoja na mataba, yale majani yake ya kutwanga yaliyopikwa kwa nazi, mpaka bibi akasema karibu tutaota mizizi.

Mama ndiye aliyemwambia baba aende gatini akavue, na anichukue mimi. Bibi alinung'unika kwamba mtoto wa kike hakai gatini na mshipi. Mama akamjibu kwamba siku hizi wasichana wanalinda doria mitaani, mshipi una ubaya gani?

Basi kila baada ya alfajiri tukawa tunateremka vichochoro, kuta za mawe bado zina baridi, harufu ya karafuu zilizoanikwa ikitufuata hadi baharini. Baba alikuwa amekata mpini wa kijiko kikubwa cha kupakulia, akakitoboa na kukifunga ndoano, king'ae majini kama samaki. Alikirusha mbali, akavuta. Nikawaona kolekole wakija nyuma yake, wanene, migongo ya buluu. Wakafuata mpaka karibu na ukuta wa gati, wakageuka, wakaenda zao. Ikawa hivyo asubuhi baada ya asubuhi, nasi tukarudi kwenye muhogo wetu.

Siku moja nililala kifudifudi ukingoni nikachungulia. Maji yalijaa visamaki vidogo mno, na kolekole walikuwa wakivirukia hivyo hivyo.

"Baba," nikasema, nikimwonyesha nusu ya kidole changu, "wanakula vya hivi. Sisi tunawatupia sufuria."

Alinitazama, kisha akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi.

Nyumbani aliomba kijiko cha chai. Mama alikuwa na seti aliyopewa siku ya harusi yake, haiguswi ila kwa wageni. Akatoa kimoja, akampa.

"Chukua. Sukari yenyewe hakuna, kitakoroga nini?"

Asubuhi ya pili, kikiwa na ndoano yake, nilikirusha mimi. Kolekole wakaja kwa kasi, na wakageuka tena. Nilitaka kulia. Baba akachutama kando yangu, akaniambia navuta kama ninayekimbizwa, na samaki mdogo hakimbii hivyo.

"Kiache kizame," akanong'ona. "Sasa kishtue kidogo. Kiache tena."

Nikakiacha. Mshipi ukakazika ghafla, ukanichana kidole, ukaanza kuniburuta. Baba akanishika kiuno kwa nyuma, nikavuta, nikalegeza, nikavuta, huku wapagazi wa gatini wakitukusanyikia. Kolekole alipotua juu ya mawe akipigapiga mkia, baba, aliyeshuka majini kumnyanyua, alikuwa amelowa mpaka kifuani, viatu vyake vya ofisini vimejaa maji, na hakujali.

Siku hiyo nyumba ilinuka samaki wa nazi na ndimu, na jirani akapelekewa bakuli lake. Baba alisimulia habari ile mpaka chakula kikapoa, na kila alipoirudia samaki aliongezeka urefu. Bibi alikula, kisha akaomba kichwa.

Tulivua pamoja hadi ofisi zilipofunguliwa. Akarudi Moroni, na tangu hapo akawa baba wa barua na likizo, mpaka Mungu alipomchukua. Pale nilipolala kifudifudi pamemwagwa zege, na maji hayaonekani chini. Kazi yake ilitusomesha, nami nashukuru. Lakini ukiniuliza ni lini nilikuwa na baba, nitakwambia ni ule mwaka tuliokosa mchele.