Rukara na Libérata Kando ya Ziwa Kivu

Rukara alichunga ng'ombe katika vilima vya Masisi, na mke wake Libérata aliuza maziwa. Tangu waoane, Libérata alitamani kuliona ziwa. Mwaka wa 1963 Rukara alimwachia mdogo wake Narcisse ng'ombe, wakapanda kamiyo, lori la viazi, mpaka Sake, kisha wakafuata ziwa kwa miguu. Walilala chini ya bashi kuukuu la turubai, wakichoma mihogo.

"Kumbe maji iko mingi hivi!" Libérata alicheka, miguu ikiwa majini.

Asubuhi moja watu walianza kupita barabarani wakiwa na magodoro kichwani. Narcisse alikuwa kati yao, mikono mitupu.

"Musirudie, kaka," alisema. "Nyumba walichoma. Ng'ombe walichinja yote."

"Banani?"

"Majirani. Wale tulikuwa tunasali nabo. Banasema sisi ni wageni, udongo si yetu."

Wakimbizi walifunga mabashi yao pale pale, ufuko ukajaa moshi na vilio vya watoto. Libérata hakushuka tena majini kwa furaha, ila kuchota tu. Rukara, ambaye hakuwahi kushika jembe, alikwenda kulima kahawa ya mzungu. Alizeekea huko. Ng'ombe wa watu walipopita, aligeuza uso.