Pombe Iliyomwagika Kiatuni

Neno "butwaa" nililijua miaka kadhaa kabla ya kuliona kwa macho. Kiswahili sanifu nilijifundisha mwenyewe kwa kamusi kuukuu niliyoinunua sokoni Bujumbura, na humo butwaa ilielezwa kuwa mshangao mkubwa unaomfanya mtu ashindwe kusema. Nilidhani ni mshangao ule ule, ila umezidi kipimo. Siku moja nilisahihishwa.

Ilikuwa wakati wa vita, nyumbani kwetu Ruziba. Kaka yangu mkubwa alikwenda Gatumba kuuza sabuni, mapigano yakazuka, asirudi. Kwetu msiba una siku yake ya kufungwa, tunaiita kuganduka. Ukoo hukutana, mzee humsemea marehemu, kisha hunywa pombe ya mtama, na kuanzia hapo aliyekufa amekufa. Kabla ya hapo hakuna harusi katika nyumba hiyo. Mama alikataa mwaka baada ya mwaka. Baba mdogo alimbembeleza, akamkumbusha kwamba dada zangu wanazeeka wakingoja. Mwishowe alikubali.

"Baba yenu mudogo akishakunywa," aliniambia, "sitamungojea tena."

Tulikutana mchana, ili wageni wawahi kurudi makwao kabla ya saa ya kutotoka nje. Baba mdogo alimsifu kaka kwa bidii, upole na adabu, mambo ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kumkubalia hata moja kaka alipokuwapo. Akainua kibuyu. Mama akafumba macho.

Ndipo lango la mabati likasukumwa, kaka akaingia, amekonda, na mfuko wa nailoni mkononi. Muda wote huo alikuwa Kongo, ng'ambo ya mpaka, akingoja njia ifunguke.

Hakuna aliyepiga kelele. Mshangao una sauti: watu huita, hushika vichwa. Hapa palikuwa kimya. Nilitaka kusimama nikajikuta bado nimeketi. Kibuyu kiliinama mkononi mwa baba mdogo, pombe ikamchuruzikia kiatuni, na mguu hakuuondoa. Nikaelewa kwa nini husemwa mtu amepigwa na butwaa. Sote tulikuwa tumepigwa.

Kaka alitazama viti, mitungi na nguo zetu za kanisani, akaelewa.

"Baba mudogo, endelea tu," alisema. "Nimesikia toka kwa lango. Hapo kwa adabu nimepapenda."

Hata hapo hakuna aliyecheka. Mama ndiye aliyeinuka kwanza. Alikibandua kibuyu kwenye vidole vya baba mdogo, akampa kaka.

"Kunywa we mwenyewe. Hii pombe ni yako."

Kaka akanywa. Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele, dada zangu wakamrukia hadi akayumba, majirani wakaja mbio wakidhani kuna hatari, nao wakasimama langoni midomo wazi, zamu yao imefika.

Jioni, kiatu kikiwa bado kimelowa, baba mdogo alianza kumnyang'anya kaka sifa alizompa, moja moja. Alianza na adabu. Mama alimmiminia pombe nyingine, akamwambia aendelee.