Firigogo wa Turkwel

Jua la Kakuma linaweza kukaanga yai kabla kuku hajalitaga. Tumeishi chini yake miaka minane, na kila mwaka mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi, ameandika barua ya kuomba uhamisho kisha akaichana. Mara hii hakuichana. Alitaka kurudi Nyamira, ambako watoto wetu wawili wanalelewa na nyanya yao.

Nikamwomba siku mbili tu. Twende Lodwar, tutembee kando ya mto Turkwel, tutazame ndege. Biolojia niliifaulu kwenye masomo ya jioni, nikiwa na ndevu kumshinda mwalimu, kwa hiyo nilijigamba kwamba nitamwonyesha aina mia tano kabla ya chai ya saa nne. Nia yangu hasa ilikuwa aipende Turkana, ile barua ibaki mkobani.

Asubuhi tulipata mwenye bodaboda, mwenyeji wa hapo Lodwar.

"Ejok," nikamsalimu kwa Kiturkana. "Tupeleke mahali pa kuona ndege."

"Ndege? Iko. Panda."

Tukabanana nyuma yake. Alitukimbiza vumbini, akazima pikipiki kwenye ua wa kiwanja cha ndege.

"Ya Nairobi inakuja saa nne," akasema. "Mko na tiketi?"

Mke wangu alicheka mpaka akaushika ua. "Huyu ndiye amenielewa, baba watoto! Mwache anipandishe."

Nikacheka pia, lakini si sana.

"Si hiyo, bwana. Ya manyoya."

"Ah, ile hainywi mafuta! Si ungesema mbele?"

Akatushusha mtoni, pale mbuzi hunywa maji. Tulikaa kimya mpaka wakatua firigogo, ndege wanaofanana na njiwa waliogaragara mchangani. Walikuwa elfu kumi. Mke wangu atakwambia thelathini. Wakanywa haraka haraka wakaondoka, ila dume mmoja. Aliingia majini, akalalia tumbo, akawa anajitikisa, na juu mwewe anazunguka.

"Mjinga huyu, anaoga saa hii?" mke wangu akanong'ona.

"Haogi," akasema mwenye pikipiki. "Anabeba maji na manyoya ya tumbo. Watoto yake iko mbali, huko kwa mawe. Watanyonya maji hapo kwa manyoya."

Hilo halikuwa kwenye daftari langu hata moja. Dume akaruka, mzito, akielekea jangwani. Mke wangu akamfuata kwa macho mpaka akapotea.

"Pazuri sana huku," akasema, na alikuwa anasema kweli. Kisha akaongeza, "Na sisi wetu tunawapelekea nini? Simu ya Jumapili."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya saa tatu nzima. Nikaiacha palepale mtoni. Nikaomba barua. Sikuwa nimewahi kuisoma. Ilikuwa mistari sita, na sikulaumiwa popote.

"Ofisi ya elimu imeshafunguliwa," nikasema. "Twende tuipeleke."

Akanikodolea macho aone kama natania.