Mwanga wa Kuvunja Chokaa

Juzi, hospitalini hapa Kasuku, mtaa wa Kindu, nilikaa benchi moja na mzee mstaafu wa reli na mke wake. Daktari akatoka na picha mkononi, akawaambia kwamba chokaa imeganda katika mishipa inayolisha moyo wa mzee. Lakini ng'ambo, alisema kwa furaha, wataalamu wanatengeneza mrija mwembamba kama uzi; unapita ndani ya mshipa, na ncha yake inatoa mwanga wa kuvunja hiyo chokaa. Akawasha simu awaonyeshe.

Mama akairukia simu, akaifunika kwa kitenge chake kwa mikono miwili.

“Zima, docteur! Zima!”

Mimi, mjuaji, nilidhani anaogopa bei.

“Wakati ya vita,” akasema, “tuliwasha koroboi moja tu, nimupe mutoto dawa ya homa. Risasi ikafwata ile mwanga. Njo vile mutoto wetu alikufa.”

Mzee akaweka kiganja juu ya mikono ya mkewe, taratibu.

“Mama, hii itawaka ndani yangu. Hakuna mutu ya inje ataiona.”

Mama akamgeukia daktari, mikono ingali juu ya kitenge.

“Kweli, docteur? Hata kwa dirisha?”

Miaka yote nalalamika katika safu hii kwamba Kindu haina umeme. Sikuwahi kuuliza nani atatetemeka siku taa zikiwaka.