Mama Kioo na Pua Iliyong'arishwa Mno

Shangazi yangu hawezi kuona kikwaruzo akakiacha salama. Maisha yake yote alipiga msasa makabati kwenye karakana ya fanicha, mpaka ukijitazama mlangoni unahesabu meno. Wakambandika jina la Mama Kioo. Karakana ilipofungwa, mimi ndiye niliyemwombea kibarua kwetu, kwenye maabara ambako tunapuliza hewa kwa kasi ya ajabu juu ya mifano midogo ya vyombo vya angani, tuone itapata joto kiasi gani.

Kibarua chenyewe kilikuwa cha muda, kinaisha Ijumaa, na mhandisi mkuu ndiye angeamua kama abaki. Na alitaka kubaki, jamani! Kule nyumbani, kwa kukosa kazi, alikuwa ameanza kukusanya sufuria za majirani azing'arishe bure.

Alhamisi asubuhi mhandisi aliinama, akapapasa pua ya mfano wa chuma. Uso ukambadilika.

"Nani amegusa hapa?"

"Mimi, bosi," Shangazi akajibu, kifua mbele. "Kulikuwa na mchanga umeganda. Nimeutoa wote, ilikuwa aibu."

Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mchanga ule mhandisi aliubandika mwenyewe kwa gundi, chembe moja moja.

"Mama Kioo," akasema taratibu, "chombo kikirudi kutoka juu, joto hukichubua ngozi. Ngozi ikiwa laini, hewa huipitia kwa utulivu. Ikikuta kinundu, kama chembe ile ya mchanga, inavurugika, na hewa iliyovurugika huunguza zaidi. Nataka nijue inaunguza kiasi gani kabla watu hawajapanda humo."

Shangazi akakaa juu ya kopo la rangi, machozi yakamtoka. "Basi nimeharibu. Nimejifukuza kazi kwa mkono wangu."

"Maji yakimwagika hayazoleki," nikamwambia, "lakini mchanga unazoleka. Inuka!"

Akafuta uso, akavaa miwani. "Nionyeshe, mwanangu," akamwambia mhandisi, akashika kibano. Zile chembe za kwanza zilikaa hovyo. Kila akipanga safu, kidole kinatoka chenyewe kwenda kuilainisha, nami nampiga kikofi.

"Shangazi! Acha!"

"Si mimi, ni kidole!"

Mhandisi akaangua kicheko. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Mchana tukafungulia upepo. Kwenye skrini, nyuma ya safu ya Shangazi, rangi ya joto ilitanda, nzito na iliyo wazi. Mhandisi aliandika vipimo vyake. Kisha akaleta mfano mwingine, unang'aa, akauweka mbele ya Shangazi pamoja na kikopo cha chembe.

"Huu ni wa mwezi ujao. Uanze taratibu."

"Mwezi ujao?" Shangazi akavua miwani. "Kwani mimi nitakuwepo?"

"Sasa nani mwingine atanibandikia?"

Shangazi alilia tena, safari hii bila kujificha. Jioni ile alipita nyumba kwa nyumba akirudisha sufuria za majirani, bado zikiwa na masizi yake yote.